Ngazi Kwanza, Safu Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kuchanganua Muundo wa Virai na Mpangilio wa Maneno

Mama wa Juma anajipenda. Mwulize mzungumzaji yeyote wa Kiswahili ni nani anayependwa hapa, atakujibu papo hapo: mama. Hakuna atakayesema Juma, ingawa jina hilo ndilo lililokaa ubavuni mwa kitenzi na neno mama liko nyuma zaidi. Kama sarufi ingekuwa inapima umbali wa maneno, -ji- ingemshika Juma. Haimshiki, kwa sababu Juma yumo ndani ya kirai kingine, yaani kundi la maneno linalosimama kama kitu kimoja, na kiambishi hicho kinakitazama kirai kizima.

Hapo ndipo sarufi zalishi, nadharia ya kanuni za akilini zinazozalisha sentensi, inapoanzia. Tangu Noam Chomsky alipochapisha Syntactic Structures mwaka 1957, nadharia zimebadilika mara nyingi, lakini hoja hii imebaki: tunachosikia ni safu ya maneno, tunachokijua akilini ni ngazi, yaani makundi yaliyomo ndani ya makundi. Wanafunzi wengi wa sintaksia hukwama kwa kuwa wanaanza na safu. Wanaona kiima, kitenzi, yambwa, wanachora mti, yaani mchoro wa matawi, unaofuata safu hiyo, kisha mti hauwaelezi lolote ambalo hawakuwa wakilijua. Mwongozo huu unapita njia ya pili. Tutatafuta ngazi kwa majaribio, na swali la nani amtangulie nani tutaliacha mpaka tuwe na cha kulijibia.

Sentensi yetu ya kazi ni hii:

(1) Mwalimu mpya alisoma barua ya mkuu ofisini.

Hatua ya kwanza: andaa hukumu

Data ya sintaksia ni hukumu za wazungumzaji kuhusu tungo. Isiyokubalika huwekewa nyota mbele. Kwa kila tungo unayotaka kuijaribu, andika jozi: moja inayokubalika na moja isiyokubalika, zikiwa zimetofautiana kwa jambo moja tu. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hutajua ni lipi lililoiharibu sentensi. Pia tenganisha kosa la muundo na maana ya ajabu. "Barua ilimsoma mwalimu" ni ajabu, lakini muundo wake ni mzima, kwa hiyo haistahili nyota.

Hatua ya pili: tafuta viambajengo

Kiambajengo ni kundi la maneno ambalo sarufi hulishughulikia kama kitu kimoja. Usikikisie kwa macho. Kijaribu.

Jaribio la msisitizo ndilo ninaloliamini zaidi kwa Kiswahili. Toa kundi, liweke baada ya *ni*, kisha fuatisha kirejeshi (*amba-* na kiambishi chake):

(2) Ni barua ya mkuu ambayo mwalimu mpya aliisoma ofisini.
(3) Ni ofisini ambako mwalimu mpya alisoma barua ya mkuu.
(4) *Ni mkuu ofisini ambaye mwalimu mpya alisoma barua ya.

*Barua ya mkuu* ni kiambajengo, *ofisini* ni kiambajengo, *mkuu ofisini* si kitu, ingawa maneno hayo mawili yamepakana.

Je, kitenzi na yambwa yake ni kundi moja? Tumia *alichofanya*:

(5) Alichofanya mwalimu mpya ofisini ni kusoma barua ya mkuu.

Ni kundi moja. Jaribu sasa kumweka kiima na kitenzi pamoja huku yambwa ikibaki nje. Hutapata sentensi. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kusema kuna kirai kitenzi (KT) kinachoimeza yambwa na kumwacha kiima nje.

Jaribio la kuunganisha kwa *na* litumie kwa uangalifu, maana *na* ya Kiswahili ina kazi nyingine. Katika "Mwalimu alikwenda na mkuu" hatujaunganisha nomino mbili. Kiima ni mwalimu peke yake, na kitenzi kinathibitisha kwa *a-*. Ukitaka kuunganisha kweli, upatanisho lazima ubadilike: "Mwalimu na mkuu walikwenda."

Hatua ya tatu: tambua kichwa cha kila kirai

Kichwa, ambacho vitabu vingine hukiita neno kuu, ndicho kinachokipa kirai aina yake. Katika lugha nyingi hatua hii huleta ubishi. Katika Kiswahili ngeli zinatusaidia mno: kichwa cha kirai nomino (KN) ndicho kinachoamua upatanisho wa walio nje. "Barua ya mkuu imefika" ni sawa. "*Barua ya mkuu amefika" si sawa. Kichwa ni barua.

Upatanisho unafichua pia ngazi ambazo safu inazificha. Linganisha:

(6) kitabu cha mwalimu mpya
(7) kitabu cha mwalimu kipya

Nomino ni zilezile, na kivumishi kimekaa palepale mwishoni. Lakini katika (6) kivumishi kimo ndani ya kirai cha mwalimu, na katika (7) kimeshikamana na kirai kikubwa ambacho kichwa chake ni kitabu. Nomino zote mbili zikiwa za ngeli moja, fununu hiyo inatoweka na tunabaki na utata: "Nilimwona mtoto wa jirani aliyeanguka." Aliyeanguka ni mtoto au ni jirani? Safu ni moja, miti ni miwili. Ukitaka kumwonyesha mtu anayeanza kwa nini tunahitaji miti, mchoree sentensi hiyo mara mbili.

Hatua ya nne: tenga kijalizo na chagizo

Kijalizo kinadaiwa na kichwa. Chagizo linaongezwa kwa hiari. Kipimo kizuri ni *kufanya hivyo*, ambacho husimama badala ya kitenzi pamoja na vijalizo vyake:

(8) Mwalimu alisoma barua ofisini, na mkuu alifanya hivyo nyumbani.
(9) *Mwalimu alisoma barua, na mkuu alifanya hivyo gazeti.

*Nyumbani* inaweza kubaki nje ya *kufanya hivyo*, kwa hiyo ni chagizo. *Gazeti* haiwezi, kwa hiyo yambwa ni kijalizo na imekaa karibu na kitenzi ndani ya mti.

Hatua ya tano: chora kwa umbo moja

Kanuni za mwanzo za muundo wa virai ziliandikwa moja moja: sentensi ni KN na KT, KT ni kitenzi na KN, na kadhalika. Zinafanya kazi, ila zinaruhusu mno. Hakuna kinachomzuia mtu kuandika kanuni inayosema kirai kitenzi ni nomino na kihusishi bila kitenzi chochote. Mwaka 1970 Chomsky alipendekeza umbo moja kwa virai vyote, na Ray Jackendoff akalikuza katika kitabu cha 1977. Ndiyo nadharia ya X-baa:

kirai X = kibainishi + X-baa
X-baa = X-baa + chagizo
X-baa = kichwa X + kijalizo

X ni nomino, kitenzi, kihusishi, au kichwa chochote. Kibainishi ni nafasi ya juu pembeni mwa kirai. Sasa KT yetu, T ikiwa kitenzi, inaandikwa kwa mabano hivi:

[KT [T-baa [T-baa soma [KN barua ya mkuu]] ofisini]]

Hakikisha kila tawi lina majibu kutoka hatua ya pili hadi ya nne. Tawi ambalo huwezi kulitetea kwa jaribio lifute, hata kama kitabu cha kiada kinalo.

Hatua ya sita: panda juu ya kitenzi

Niliandika *soma*, wala si *alisoma*. *Li* ni ya nani? Wengi huamini kwamba njeo, yaani alama ya wakati, ina kirai chake juu ya KT kwa sababu nadharia imesema hivyo. Kiswahili kina ushahidi wake chenyewe:

(10) Mwalimu alisoma barua na kuandika majibu.
(11) Mwalimu atasoma barua na kuandika majibu.

*Kuandika* haina njeo wala kiambishi cha kiima. Hata hivyo katika (10) uandishi ulishafanyika na katika (11) bado. Badilisha *li* kuwa *ta* mara moja tu, na vitendo vyote viwili vinahama wakati. Maelezo mepesi ni kwamba kuna kichwa kimoja cha njeo, na chini yake zimeunganishwa KT mbili. Juu ya njeo kuna nafasi ya kiunganishi cha kishazi, panapokaa *kwamba*. Chomsky alivipa vichwa hivi umbo kamili la X-baa mwaka 1986. Mifupa ya kishazi basi ni mitatu: kiunganishi, chini yake njeo, chini yake kitenzi.

Kiima kinaonekana mbele ya njeo, lakini nadharia nyingi za leo zinasema kinazaliwa ndani ya KT, karibu na kitenzi kinachokipa maana yake ya mtenda, kisha kinapanda kwenye kibainishi cha njeo. Liweke wazo hili karibu. Litahitajika.

Hatua ya saba: usihamishe kitu bila ushahidi

Uhamishaji ndio sehemu inayopendwa kuliko zote katika sintaksia zalishi, na ndiyo inayotumiwa ovyo kuliko zote. Sheria yangu: kabla ya kuchora mshale, taja sentensi mbili ambapo kitu kilekile kimeonekana mahali pawili, na useme kilichosababisha tofauti.

Mfano bora tunao katika vishazi rejeshi.

(12) barua ambayo mwalimu aliisoma
(13) barua aliyoisoma mwalimu
(14) *barua mwalimu aliyoisoma

Tazama kwa makini. Kukiwa na *amba-*, mwalimu anaweza kukaa mbele ya kitenzi. *Amba-* ikiondoka na *-yo-* ikaingia kwenye kitenzi, mwalimu lazima aje nyuma. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili hasemi (14), na wala hakuna aliyemfundisha asiiseme.

Kwa nini? Katherine Demuth na Carolyn Harford walilishughulikia jambo hili kwa lugha za Kibantu mwaka 1999, na kiini cha jibu lao ni hiki. Kirejeshi kimo katika nafasi ya kiunganishi, juu ya kiima. Katika (12) kimepata pa kujishikiza, yaani *amba-*, na kitenzi hakina haja ya kusogea. Katika (13) kirejeshi ni kiambishi tegemezi kisicho na mwenyeji, kwa hiyo kitenzi kinapanda mpaka huko juu na kumruka kiima njiani. Kiima hakikusogea hata kidogo. Ni kitenzi kilichompita.

Uchanganuzi huu unafanana na ule wa Kijerumani. Katika kishazi tegemezi chenye kiunganishi *dass*, kitenzi hubaki mwisho: *dass Hans das Buch liest*. Katika sentensi kuu isiyo na kiunganishi, kitenzi huchukua nafasi hiyo ya juu: *Heute liest Hans das Buch*, na Hans anajikuta nyuma ya kitenzi kama mwalimu wetu. Lugha mbili zisizo na undugu wa karibu, na kanuni moja: kiunganishi na kitenzi vinagombea nafasi ileile.

Usiishie hapo. Uchanganuzi mzuri unaulizwa maswali magumu. Kama kitenzi kizima kinapanda na kujiunga na kirejeshi kwa upande wa kushoto, tunatarajia kirejeshi kiwe mwishoni mwa neno. Ndivyo ilivyo pasipo njeo: *barua aisomayo mwalimu*. Lakini kwenye *a-li-yo-i-soma*, *-yo-* imekaa katikati, baada ya njeo. Pengine kinachopanda kwanza ni njeo peke yake? Basi mwalimu angeweza kuingia kati ya *aliyo* na *isoma*, na hilo haliwezekani. Anayetaka mada ya tasnifu, hapa pana kazi ya kweli.

Kisa kingine maarufu ni cha Jean-Yves Pollock, 1989. Kifaransa husema *Jean mange souvent des pommes*, kitenzi kikiwa mbele ya kielezi cha "mara nyingi"; Kiingereza hukiweka kielezi mbele ya kitenzi. Pollock alionyesha kwamba vielezi vimekaa palepale katika lugha zote mbili, na kwamba kitenzi cha Kifaransa ndicho kinachopanda kwenye njeo. Kutoka kwake tumepata kipimo cha kila siku: chukua kielezi kama alama iliyosimikwa chini, uone kitenzi kimekipita au la.

Hatua ya nane: sasa uliza kuhusu mpangilio

Mwaka 1963 Joseph Greenberg alilinganisha lugha 30 na kutoa kauli 45 kuhusu sifa bia za lugha. Nyingi zilionyesha kwamba mipangilio huenda pamoja. Kiswahili huweka kitenzi kabla ya yambwa, kihusishi kabla ya nomino, *kwamba* kabla ya kishazi chake. Kijapani hugeuza vyote: *hon-o yonda* ni "kitabu alisoma", *Tookyoo kara* ni "Tokyo kutoka", na kiunganishi *to* hufuata kishazi chake.

Kwa lugha ya X-baa hili ni jambo moja tu. Kichwa huja kabla au baada ya kijalizo, na lugha huchagua mara moja. Ndicho kigezo cha mwelekeo wa kichwa cha miaka ya 1980. Ukianza na lugha usiyoijua, anza nacho: tafuta kitenzi na yambwa, kihusishi na nomino, kiunganishi na kishazi, njeo na KT, uandike mwelekeo wa kila jozi.

Utakuta lugha zilizochanganya. Kijerumani kina vihusishi vinavyotangulia na KT ambamo kitenzi hukaa mwisho. Hapo nadharia zinaachana njia, na unapaswa kujua kila moja inakudai nini.

Richard Kayne alidai mwaka 1994 kwamba ngazi ndiyo inayoamua safu, bila uchaguzi wowote. Nodi, yaani kituo chochote cha mti, huiamuru nodi iliyotoka nayo kwenye tawi moja, na vyote vilivyo ndani ya nodi hiyo. Nodi A ikiiamuru B bila B kuiamuru A, maneno ya A hutangulia maneno ya B. Matokeo yake ni makali: kila lugha ina kibainishi, kichwa, kijalizo, kwa mpangilio huo. Kijapani nacho, chini kabisa, ni kitenzi-yambwa, na yambwa imehamia kushoto. Ukimfuata Kayne, lugha za kichwa mwisho zinakudai uhamishaji mwingi, na kila mshale unahitaji ushahidi wa hatua ya saba.

Chomsky, katika Programu ya Kiminimalisti ya 1995 na maandishi yaliyofuata, alibakiza tendo moja tu, Unganisha: chukua A na B, fanya seti yenye A na B. Seti haina wa kwanza wala wa pili. Kwa hiyo sintaksia yenyewe haina safu. Safu hutengenezwa muundo unapopelekwa kwenye matamshi, kwa kuwa kinywa hakiwezi kutamka maneno mawili kwa pamoja. Mimi naona huu ndio msimamo safi zaidi kwa mfano wa -ji- tulioanza nao, lakini unaacha deni: kwa nini basi mipangilio mingine haipatikani?

Deni hilo linaonekana wazi kwenye kisaidizi, kitenzi na yambwa. Kisaidizi-kitenzi-yambwa ipo (alikuwa anasoma barua). Yambwa-kitenzi-kisaidizi ipo (Kijapani). Kisaidizi-yambwa-kitenzi ipo. Lakini kitenzi-yambwa-kisaidizi haionekani kama mpangilio wa kawaida. Theresa Biberauer, Anders Holmberg na Ian Roberts waliitungia sharti, katika makala ya 2014: kirai ambacho kichwa chake kiko mwisho hakiwezi kuwa juu ya kirai ambacho kichwa chake kiko mwanzo, ndani ya eneo moja la muundo. Mwelekeo wa kichwa kama uchaguzi huru hautabiri pengo hilo. Nadharia ya Kayne inalikaribia, kwa kuwa inazuia njia nyingi za kuufikia mpangilio huo.

Vivyo hivyo ndani ya kirai nomino. Kionyeshi, idadi, kivumishi na nomino vinaweza kupangwa kwa njia 24. Guglielmo Cinque alihesabu mwaka 2005 kwamba 14 tu ndizo zinazopatikana, akazitoa zote katika ngazi moja, kionyeshi juu ya idadi juu ya kivumishi juu ya nomino, kwa kuruhusu tu uhamishaji wa kirai chenye nomino ndani yake. Kwa Kiswahili, Vicki Carstens alitetea katika tasnifu yake ya 1991 kwamba nomino hupanda juu na kuviacha vivumishi nyuma.

Mazoezi

Chukua sentensi hizi tatu, uzipitishe kwenye hatua zote.

"Nyumbani kumefika wageni." Kiima ni kipi, na *ku-* inakuambia nini kuhusu kibainishi cha njeo? Wageni wamebaki wapi? Rudi kwenye wazo la kiima kuzaliwa ndani ya KT.

"Mwalimu aliwapa wanafunzi vitabu." Fanya kauli ya kutendwa. "Wanafunzi walipewa vitabu" ni sawa, "*Vitabu vilipewa wanafunzi" si sawa. Yambwa ipi iko juu ya nyingine katika mti wako?

"Barua, mwalimu aliisoma." Joan Bresnan na Sam Mchombo walionyesha mwaka 1987 kwamba katika Chichewa, lugha ya Kibantu, kitenzi kikiwa na kiambishi cha yambwa, mipangilio yote sita ya kiima, kitenzi na yambwa inakubalika; kiambishi kisipokuwepo, yambwa lazima ishikamane na kitenzi. Wakahitimisha kwamba kiambishi ni kiwakilishi na nomino iko nje ya KT. Ijaribu mipangilio hiyo sita kwa Kiswahili ukitumia *barua*, kisha rudia ukitumia *mtoto* na kitenzi *kuona*. "Nilimwona mtoto" hudai *-m-* hata pale mtoto asipohamishwa popote, kwa hiyo hitimisho la Chichewa haliwezi kuhamishiwa huku jinsi lilivyo.